Dizeli ya akiba nyumbani: dumu, pipa la chuma, pipa la plastiki au tanki la lita 1,000?

Mwenye trekta, mashine ya kusaga au jenereta ya maana hahitaji kuelezwa kwa nini mtu huweka dizeli nyumbani. Katikati ya 2023 hapa Tanzania sheli nyingi za mikoani zilikaukiwa, na wenye magari wakawa wanapigiana simu kuulizana wapi mafuta yamefika. Wakenya walipanga foleni zao Aprili 2022. Uganda, Januari ya mwaka huohuo, malori ya mafuta yalikwama mipakani Malaba na Busia, bei ikaruka. Burundi ndiyo usiseme, huko uhaba umekuwa sehemu ya maisha kwa miaka. Na hata pasipo uhaba wowote, kuna vijiji ambavyo masika yakikolea gari halipiti, wakati shamba linasubiri plau leo, si wiki ijayo.

Kwa hiyo uamuzi wa kuweka akiba wengi wameshaufanya. Wanapokwama ni kwenye chombo. Jirani ana madumu kumi stoo, shemeji ana pipa la chuma nyuma ya nyumba, mwingine amenunua tanki la mraba lenye kizimba, na kila mmoja anakuapia kwamba lake ndilo. Hapa nalinganisha vyombo vinne kwa vigezo vilevile, uone kipi kinaendana na kazi yako.

Jambo moja tulimalize kabisa: haya yote ni ya dizeli tu. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya Njombe, na yaliyotokea Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ambako zaidi ya watu 100 walikufa, yalikuwa ya petroli. Petroli haiwekwi kwa pipa nyumbani.

Kiasi kwanza, chombo baadaye

Watu huanza na pipa, halafu ndiyo wanafikiria watalijaza nini. Geuza. Trekta ikilima kwa plau hula takriban lita 6 hadi 10 kwa ekari, kutegemea udongo na kina. Jenereta inayobeba mzigo wa kilowati 10 hula karibu lita 3 kwa saa. Injini ya kusagia ya nguvu farasi 20 ikifanya kazi sawasawa iko humohumo, lita 3 hadi 4 kwa saa. Chukua matumizi yako ya siku, zidisha kwa siku ambazo kweli huwezi kufika sheli, hapo una jibu. Ukipata lita 60, pipa la lita 200 ni mzigo tu.

Wapo wanaoweka mafuta wakiwinda bei. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na siku mbili kabla yake kila mtu ni mtabiri. Tuchukue Sh 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi: pipa la lita 200 ni Sh 600,000. Bei ikipanda kwa Sh 100 umeokoa Sh 20,000, na hapo bado hujatoa nauli ya kulisafirisha wala lita zinazobaki chini ya pipa usizoweza kuzitumia. Bei ikishuka, umepoteza kiasi hichohicho. Kwa mtu wa nyumbani, akiba ya dizeli inalipa kwa sababu kazi haikusimama. Faida ya bei ni ndogo mno kwa mtu kulaza laki sita.

Halafu kuna umri. Dizeli iliyotunzwa vizuri, mahali pakavu penye kivuli, hukaa miezi 6 hadi 12 ikiwa bado nzuri. Kwenye joto la Kilombero au Tanga hesabu upande wa sita. Mimi napenda chombo ambacho mtu anakimaliza na kukijaza upya ndani ya miezi mitatu. Ukifanya hivyo, nusu ya matatizo yanayofuata hapa hutayaona.

Vigezo

*Moto.* Viwango vingi vya dizeli hudai isitoe mvuke wa kushika moto chini ya nyuzi 52 au 55 za Selsiasi. Ndiyo maana watu huidharau wakiilinganisha na petroli. Lakini ngozi ya pipa jeusi lililoachwa juani adhuhuri hufika joto la namna hiyo bila msaada wa mtu, na dizeli iliyolowa kwenye tambara, gunia au pumba huwaka kama utambi wa koroboi. Chombo kilichokuwa na petroli ni hatari ya peke yake: mabaki kidogo tu yanashusha kiwango hicho cha joto vibaya sana.

*Maji na uchafu.* Maji hayachanganyiki na dizeli, yanazama chini. Pale yanapokutana na mafuta, bakteria na ukungu huzaliana na kuacha uteute unaoziba filta. Maji yenyewe huingia kwa njia usiyoitegemea: chombo hupumua. Mchana mafuta hutanuka, hewa inatoka. Usiku yanasinyaa, hewa yenye unyevu inaingia na kuacha matone. Lita 200 zikipanda joto kwa nyuzi 20 huongezeka kwa zaidi ya lita 3, na ndiyo sababu hakuna chombo kinachojazwa hadi mdomoni. Acha kama asilimia 5 wazi.

*Kumimina.* Mafuta yanaingiaje na yanatokaje. Hiki ndicho kigezo kinachosahaulika kuliko vyote, na ndicho kinachomwaga mafuta mengi kuliko vyote.

*Kubeba na nafasi.* Dizeli ni nyepesi kidogo kuliko maji. Lita moja ni takriban gramu 840.

*Gharama.* Si bei ya chombo tu. Pampu, msingi na paa vinahesabiwa pia.

Dumu la lita 20

*Moto.* Faida yake ni kwamba ajali inakuwa ndogo. Likipasuka moja, umepoteza lita 20. Hasara ni plastiki nyembamba: moto ukilifikia linayeyuka na kumwaga kila kitu palepale. Kuna tofauti kubwa kati ya dumu la njano lililokuja na mafuta ya kupikia na dumu nene lililotengenezwa kubebea mafuta ya injini. La kwanza lilikusudiwa safari moja. Angalia pembe za chini na mshono wa mpini. Zikianza kuwa nyeupe-nyeupe kama zimekunjwa, dumu limechoka.

*Maji na uchafu.* Hapa dumu linashinda wengi. Liinue kwenye mwanga baada ya kulala usiku mzima na utaona mstari wa maji chini. Unamimina taratibu, glasi ya mwisho unaiacha. Tabu iko kwenye mfuniko. Wengi huweka kipande cha mfuko wa nailoni chini yake ili kibane. Kinabana siku za mwanzo, kisha kinalegea, dizeli inapanda kwenye nyuzi za mfuniko, na vumbi la stoo linaganda hapo likisubiri kuingia siku utakapofungua. Nunua mfuniko wenye mpira wake.

*Kumimina.* Kilo 17 hivi. Mtu mmoja mwenye afya anainua na kumimina kwa funeli yenye chujio, bila pampu wala mpira. Kwa tanki la trekta lililo juu, tafuta ngazi imara au mtu wa pili, kwa sababu kumimina ukiwa umenyoosha mikono juu ya kichwa ndiko kunakolowesha shati na injini iliyo moto.

*Kubeba na nafasi.* Bodaboda inatosha. Ukifika sheli, teremsha dumu chini lijazwe likiwa ardhini, si juu ya kiti cha pikipiki wala kwenye pikapu iliyotandikwa turubai la plastiki. Likiwa ardhini chaji ya umeme inayojijenga wakati wa kujaza inapata pa kwenda.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote, na unaanza na moja.

Kinachonitisha kwenye madumu ni kufanana. Dumu la maji, la dizeli, la petroli ya pikipiki na la dawa ya kunyunyizia yote ni ya njano na yote yako pembeni ya mlango. Paka rangi shingo nzima ya la dizeli, andika DIZELI na tarehe kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la pili anasoma, na lisirudi tena kwenye maji.

*Linamfaa* mwenye pawatila (trekta dogo la kuongozwa kwa mikono), jenereta ndogo au pampu ya umwagiliaji, anayehitaji lita 40 hadi 100; pia mpangaji, na yeyote ambaye barabara yake ni ya bodaboda.

Pipa la chuma la lita 200

*Moto.* Chuma hakiyeyuki upesi kama plastiki, na kama mafuta yamemwagika jirani na kuwaka, pipa linakupa muda kidogo. Ila pipa lililofungwa kabisa likipikwa na moto hujenga shinikizo na kupasuka kwa kishindo. Kwa hiyo muda huo ni wa kukimbia na kupiga 114, si wa kusogeza mapipa.

Hatari nyingine iko kwenye pipa tupu. Likibaki na glasi moja ya dizeli, likapelekwa kwa fundi wa kuchomelea akaliwekee koki au alikate liwe la maji, mwale wa moto unageuza mabaki yale kuwa mvuke ndani ya chumba kilichofungwa. Mafundi wamekufa hivyo. Ukitaka koki, nunua ya kufunga kwenye tundu lililopo, usitoboe.

*Maji na uchafu.* Pipa likisimama nje bila paa, maji ya mvua hutuama juu ya mfuniko, ndani ya ule mdomo wa pipa, yakivifunika vizibo. Jioni mafuta yanaposinyaa, pipa linavuta ndani kilicho juu ya kizibo, nacho ni maji. Mtu anaapa kizibo alikikaza, na kweli alikikaza. Dawa ni mbili. Kama ni lazima likae nje, lilaze kwa ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kulia na kingine kushoto, vyote vikiwa chini ya uso wa mafuta ili visivute hewa. Kama lina paa, lisimamishe juu ya mbao na chomeka kipande cha ubao chini ya upande wenye kizibo kikubwa, pipa liinamie upande wa pili. Maji ya ndani yanakusanyika mbali na bomba la pampu.

Kutu ndiyo gharama ya chuma. Pipa linalokaa nusu tupu kwa muda mrefu linapata kutu upande wa hewa, na unga wake unaishia kwenye filta. Mulika tochi ndani ya tundu kubwa kabla ya kununua. Ukiona rangi ya matofali, achana nalo. Achana pia na lililobeba lami, molasesi au kemikali. Lililokuwa na oili ya injini linafaa likioshwa kwa dizeli kidogo na kukaushwa. Na kitu kingine: bati lililopakwa zinki halifai kwa dizeli, wala koki na mabomba ya shaba. Zinki hutengeneza chembe zinazoziba filta, shaba huharakisha mafuta kuharibika. Chuma cheusi cha kawaida ndicho chake.

Ukitaka kujua kama pipa lilitengenezwa kubebea vimiminika vya hatari, tafuta chapa iliyogongwa kwenye chuma, yenye herufi UN ndani ya duara. Inayofuata ikiwa 1A1, hilo ni la chuma lenye vizibo tu. 1A2 ni lile linalofunguka mfuniko wote kwa pete. La nafaka hilo, mafuta yatatafuta njia.

*Kumimina.* Bila pampu, usinunue pipa. Pampu ya mkono ya kuzungusha hufungwa kwenye tundu la inchi 2. Tundu dogo la pembeni unalilegeza hewa iingie, la sivyo pampu inakaba. Bomba likatwe liishie sentimita 5 hivi juu ya sakafu ya pipa ili lisinyonye maji na tope. Maana yake lita zaidi ya kumi za chini si zako za kila siku. Ndiyo kodi ya kuwa na mafuta safi. Kipimo ni kijiti kikavu kilichonyooka: kwenye pipa lililosimama, kila sentimita ni takriban lita 2.5.

*Kubeba na nafasi.* Likijaa linakaribia kilo 190. Halibebwi, linaviringishwa, na likianza kuteremka mlima haliulizi nani yuko mbele. Wenye akili hulipeleka mahali pake likiwa tupu na kulijaza kwa madumu, au hulishusha kwa mbao mbili na kamba. Kulidondosha juu ya tairi kuukuu kumezoeleka, nakiri linafanya kazi, lakini mishono huumia.

*Gharama.* Pipa kuukuu zuri ni nafuu. Pampu, msingi na paa ndivyo vinavyopandisha bili.

*Linamfaa* mwenye trekta au mashine ya kusaga anayemaliza pipa ndani ya mwezi au miwili, ana kiwanja chake, na jengo la pembeni.

Pipa la plastiki la bluu

*Moto.* Hapa liko nyuma ya chuma. Linalainika na kuachia mzigo wote kwa mara moja, lita 200 zikienda kule ardhi inakoinamia. Hilo tu lingetosha kumkataza mwenye stoo iliyoungana na jiko.

*Maji na uchafu.* Hapa liko mbele. Halina kutu, na ukanda wa pwani, ambako hewa ya chumvi inakula chuma kama haina kazi nyingine, tofauti hiyo unaiona ndani ya mwaka mmoja. Linapumua kama la chuma, kwa hiyo suala la mvua juu ya vizibo ni lilelile. Adui yake ni jua. Plastiki iliyopigwa jua hukakamaa na kuwa dhaifu, na siku inagongwa kidogo inapasuka.

Tafuta alama mbili. Ya kwanza ni 1H1, ndugu ya ile 1A1 ya chuma. Ya pili ni duara dogo lililogongwa kwenye plastiki kama uso wa saa, lenye namba za miezi kuzunguka, mshale katikati na mwaka pembeni ya mshale. Huo ndio mwezi wa kutengenezwa. Kwenye usafirishaji wa bidhaa hatari mapipa ya plastiki hupewa miaka 5 tangu mwezi huo. Nyumbani hakuna wa kukukagua, lakini kulinunua lenye miaka tisa kwa bei ya jipya ni kujipunja. Vilevile, mengi ya mtumba yalibeba sabuni, juisi au kemikali. Harufu ikibaki baada ya kuoshwa, acha. Na yale yenye mdomo mpana na pete, yanayopendwa kwa kuhifadhia maji, hayahusiki hapa.

*Kumimina.* Pampu ileile, ila hakikisha nyuzi za kizibo zinaoana nayo. Si zote zinaoana. Usilitoboe chini kuweka koki.

*Kubeba na nafasi.* Likiwa tupu ni jepesi kuliko la chuma kwa mbali, mtu mmoja analibeba begani. Likijaa tofauti ni ndogo.

*Gharama.* Mara nyingi linakaribiana na la chuma.

*Linamfaa* mtu wa pwani au visiwani mwenye banda lenye kivuli, lililojitenga na nyumba, anayezungusha mafuta kwa haraka.

Tanki la mraba la lita 1,000 lenye kizimba

Limekuwa la mtindo, na naelewa: linakaa vizuri machoni, lina koki yake, na namba za lita zimechorwa ubavuni.

*Moto.* Ndilo dhaifu kuliko yote. Kizimba cha chuma kinaonekana kama ulinzi lakini kazi yake ni kushika umbo. Mafuta yakiwaka chini yake, plastiki ya ndani hudumu dakika chache tu, halafu ni lita 1,000 zinazotembea.

*Maji na uchafu.* Koki iko chini kabisa, na maji yanakaa chini kabisa. Kwa hiyo kila asubuhi kinachotoka kwanza ndicho usichokitaka. Unaweza kuigeuza kuwa faida: toa lita moja kwenye chupa ya kioo kabla ya kazi, itazame, ikiwa safi endelea. Asiyefanya hivyo atalipa kwa nozeli za injini, zile zinazopuliza mafuta ndani. Kingine, kulimaliza kunachukua muda, na mafuta ya chini ya tanki kubwa yanaweza kuwa ya msimu uliopita.

*Kumimina.* Linashinda wote likiwekwa juu ya jukwaa. Mpira, koki, basi. Lakini koki ileile ndiyo udhaifu wake: ng'ombe akijikuna, mtoto akichezea, mpira wa ndani ukichoka, tanki zima linaondoka usiku. Weka kufuli na kifuniko cha mdomo wa koki.

*Kubeba na nafasi.* Likijaa ni kilo 900 kwenye eneo la takriban mita moja kwa mita moja na robo. Jukwaa la mbao la kubahatisha halibebi hilo. Zege au chuma.

*Gharama.* Tanki la mtumba si ghali ukigawa kwa lita. Msingi, ukuta wa kuzuia mmwagiko na paa ndivyo vinavyolifanya ghali, na kulijaza ni milioni 3 kwa bei yetu ya mfano.

*Linamfaa* mwenye matrekta kadhaa, kikundi cha wakulima, shule au kituo kinachoendesha jenereta kubwa. Kwa familia moja, sioni. Na tanki jeusi la maji la plastiki, hata kama fundi anasema "mbona linashika tu", halikutengenezwa kwa dizeli.

Yasiyobadilika, chombo kiwe chochote

Mafuta yakae kwenye banda lake lenye hewa na kivuli, angalau hatua kumi kutoka ukuta wa nyumba, mbali na jiko, mkaa, pumba na bomba la moshi la jenereta. Chini pawe na kijibwawa cha kudaka mmwagiko, kinachoshika asilimia 110 ya chombo kikubwa. Kwa pipa la lita 200 ni lita 220. Sakafu ya zege ya mita 1.2 kwa 1.2 yenye ukingo wa matofali wa sentimita 20, ukipigwa lipu ndani, inatosha na kubaki. Kama kisima chako kiko upande wa chini wa mteremko, hii si hiari.

Weka ndoo mbili za mchanga na mtungi wa kuzimia moto wa unga au povu, mlangoni, si ndani. Maji juu ya dizeli inayowaka huisambaza.

Usinyonye kwa mdomo. Dizeli ikipita njia ya hewa hata kidogo huunguza mapafu, na mtu anaweza kuonekana mzima jioni kisha hali ikabadilika usiku. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali na chombo alichonyonyea.

Nunua sheli, chukua risiti. Uwekaji wa vinasaba, yaani alama ya siri ndani ya mafuta inayotambulisha yaliyo halali, ulianza 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri, na mafuta ya bei ya kutupa yanayotolewa kwenye malori pembeni ya barabara hayana wa kumuuliza.

Upande wa sheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Petroli ya 2015, na EWURA ndiyo msimamizi. Zanzibar ni ZURA, Kenya ni EPRA. Kumuuzia jirani ni biashara na biashara ya mafuta ina leseni. Kabla ya kuvuka pipa moja, pita ofisi ya Zimamoto ya wilaya na uulize EWURA wanataka nini kwa kiasi chako. Mwenye bima ya nyumba asome mkataba wake. Mafuta yasiyotajwa ni kisingizio kizuri cha kutolipa.

Kwa hali yako

Unaishi ghorofani au kwenye nyumba za kupanga zilizobanana: usiweke. Jaza tanki la jenereta, na kama umeme hukatika saa chache tu, fedha ya pipa na pampu ielekee kwenye betri na inveta.

Una pawatila na ekari chache: madumu matatu hadi matano, yaliyopewa namba, la zamani litumike kwanza. Msimu ukiisha yamalizie, usiyalaze hadi mwakani.

Una trekta au mashine ya kusaga na sheli iko mbali: pipa moja la chuma chini ya paa na pampu yake, pamoja na madumu mawili ya kupelekea mafuta shambani. Kama uko pwani na chuma hakikai, la plastiki, mradi banda limejitenga. Ukiona unahitaji la pili, zungusha. Moja linatumika, jingine linasubiri, halafu yanabadilishana.

Matrekta ni mengi au mko kikundi: tanki la lita 1,000 linaanza kuleta maana, lakini kwanza jengeni msingi na ukingo, mteueni mtu mmoja mwenye ufunguo na daftari. Fedha ya msingi ikiwa haijapatikana, mapipa matano ya chuma yaliyotenganishwa ni salama kuliko tanki moja lililowekwa juu ya matofali makavu.

Uko mahali ambako uhaba ni wa miezi, kama Burundi: hakuna chombo cha nyumbani kitakachoziba pengo hilo. Weka ya dharura tu, lita za kumfikisha mgonjwa hospitali na kumwagilia kitalu, kisha hesabu kazi zipi zinaweza kuhamia kwenye pampu ya sola.